Dini kubwa za dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huzuka kila watu wa dini mbalimbali wanapokaa pamoja, iwe darasani, kazini au msibani. Mengi huulizwa kwa nia njema, ila muulizaji huwa tayari ana picha ya dini yake kichwani: Mkristo humtafuta papa wa Waislamu, Mwislamu hukitafuta kitabu kimoja walichoteremshiwa Wahindu, na wote wawili humtafuta Mungu wa Wabuddha. Hapa kila dini imeelezwa jinsi wafuasi wake wanavyojieleza. Pale ambapo wao wenyewe wanabishana, ubishi huo haukufichwa.

Dini kubwa ni zipi, na zina wafuasi wangapi?

Makadirio ya kituo cha utafiti cha Pew kwa mwaka 2020 yanaonyesha Wakristo bilioni 2.3, Waislamu bilioni 2, Wahindu bilioni 1.2 na Wabuddha milioni 324. Watu wapatao bilioni 1.9 hawajihesabu katika dini yoyote, jambo ambalo si lazima liwe na maana kwamba hawaamini lolote. Wayahudi hawafiki milioni 15, lakini hukosi kuwakuta katika orodha yoyote, kwa kuwa Ukristo na Uislamu haviwezi kuelezwa bila wao. Wasikh, wafuasi wa dini iliyozaliwa Punjab, ni wengi kuliko Wayahudi, wanazidi milioni 20, na bado husahaulika.

Hesabu za Asia ya Mashariki zichukuliwe kwa tahadhari zaidi. Mjapani anaweza kumpeleka mtoto mchanga kwenye hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Japani, akabarikiwe, akafunga ndoa ya kanisani kwa kuipenda tu sherehe yake, na siku ya kufa akaagwa kwa taratibu za Kibuddha. Ukimuuliza dini yake, huenda akakujibu kwamba hana. Kwake hakuna mgongano wowote. Kwamba mtu lazima awe na dini moja, na akiingia hii sharti atoke ile, ni fikra iliyozoeleka zaidi katika dini za Ibrahimu kuliko kwingine.

Dini za Ibrahimu ni zipi?

Ni Uyahudi, Ukristo na Uislamu, kwa sababu zote tatu humtazama Ibrahimu kuwa baba wa imani. Wabahai, ambao dini yao ilianza Uajemi katika karne ya 19, nao hutiwa humo. Kuwa na babu mmoja hakujawafanya wasimulie sawa. Katika kitabu cha Mwanzo, mwana aliyenusurika kuchinjwa ni Isaka. Qurani inakisimulia kisa hicho katika sura ya 37 bila kumtaja kijana kwa jina, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema alikuwa Ismaili.

Je, Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanamwabudu Mungu yule yule?

Wote wanakiri Mungu mmoja, muumba wa vyote, aliyesema na Ibrahimu na Musa. Wakristo Waarabu humwita Allah katika sala na katika Biblia zao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, ulisema bila kuzunguka kwamba Waislamu humwabudu Mungu mmoja, mwenye huruma, muumba wa mbingu na dunia.

Mvutano huanza pale inapoulizwa Mungu huyo yukoje. Sehemu kubwa ya Ukristo hufundisha Utatu, yaani Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja katika nafsi tatu. Fundisho hilo liliwekewa maneno rasmi kwenye mitaguso ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381. Kwa Mwislamu, kumnasibishia Mungu mwana ni kuivunja tauhidi yenyewe, yaani imani kwamba Mungu ni mmoja tu; sura ya 112 ya Qurani, yenye aya nne tu, inasema hakuzaa wala hakuzaliwa. Myahudi naye hukiri asubuhi na jioni, kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kwamba Bwana ni mmoja, na Utatu hauoni humo.

Kwa hiyo wapo Wakristo na Waislamu wanaojibu "ndiyo, ni yule yule, tunatofautiana katika kumjua", na wapo wanaosema tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa tofauti ya kumjua tu. Binafsi naliona jibu la kwanza lina nguvu zaidi kihistoria, lakini kiimani kila mmoja ataamua kwa misingi ya dini yake.

Waislamu wanasema nini juu ya Yesu?

Wakristo wengi hushangaa kusikia jibu. Isa, mwana wa Maryamu, ni miongoni mwa mitume wakubwa, huitwa Masihi ndani ya Qurani, na alizaliwa na bikira. Maryamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qurani, na sura ya 19 imeitwa kwa jina hilo. Waislamu walio wengi huamini pia kwamba Isa atarudi kabla ya Kiyama. Wasichokubali ni kwamba yeye ni Mungu au mwana wa Mungu, na kwamba aliuawa msalabani. Aya ya 157 ya sura ya 4 inakanusha kusulubiwa kwake.

Wayahudi wao hawamhesabu kuwa Masihi wala nabii. Hoja yao ni nyepesi kuielewa: kazi za Masihi walizozisoma kwa manabii, kama kuwakusanya watu wa Israeli na kuleta amani duniani, wanaona bado hazijatimia.

Sunni na Shia wanatofautiana nini hasa?

Chanzo ni uongozi. Mtume Muhammad alipofariki mwaka 632, Waislamu wengi walimpa Abu Bakr baia, yaani kiapo cha utii. Kundi jingine liliona kwamba aliyestahiki, tena kwa kuteuliwa na Mtume mwenyewe, ni Ali bin Abi Talib, binamu na mkwewe. Ali alikuja kuwa khalifa wa nne, lakini jeraha lilizidi mwaka 680 mwanawe Husein alipouawa Karbala pamoja na jamaa zake. Ndiyo sababu siku ya Ashura, tarehe 10 ya mwezi wa Muharram, ni siku ya maombolezo makubwa kwa Mashia, na kwa Masunni wengi ni siku ya kufunga saumu ya sunna.

Kutokana na hapo likakua fundisho la Kishia la maimamu kutoka kizazi cha Mtume, waliohifadhiwa na dhambi. Mashia walio wengi huhesabu maimamu 12, wa mwisho akiwa ameghibu na atarejea. Waismailia, tawi jingine la Mashia, hufuata mlolongo mwingine. Mengine yote makubwa ni ya pamoja: Qurani ile ile, kibla kile kile, Ramadhani na Hija. Katika swala kuna tofauti ndogondogo; Mashia huruhusu kuziunganisha swala za adhuhuri na alasiri, na za magharibi na isha, hata bila safari, kwa hiyo utawaona wakisimama mara tatu ingawa swala ni tano zilezile.

Kuna pia Waibadhi, wasio Sunni wala Shia, ambao ngome yao ni Oman. Masufi si dhehebu la nne. Usufi ni njia ya kuilea roho kupitia dhikiri na mwongozo wa shehe, na wafuasi wa tarika, yaani jumuiya za kisufi, walio wengi ni Masunni.

Na Wakristo je, waligawanyika lini?

Mara tatu kubwa. Baada ya Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451, Makanisa ya Misri, Ethiopia, Armenia na baadhi ya Washamu yalikwenda njia yao kwa sababu ya maneno ya kuelezea ubinadamu na umungu wa Kristo. Mwaka 1054 ndio huhesabiwa kuwa wa kutengana kwa Roma na Konstantinopoli, Wakatoliki upande huu na Waorthodoksi upande ule, japo ufa wenyewe ulikuwa umeanza zamani. Kisha mwaka 1517 Martin Luther aliibua hoja zake 95, na Uprotestanti ukazaliwa, ambao nao umezaa matawi yasiyohesabika. Hata idadi ya vitabu vya Biblia inafuata nyufa hizi: 66 kwa Waprotestanti, 73 kwa Wakatoliki, na 81 kwa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia.

Kwa nini Ramadhani na Pasaka huhama, na Krismasi haihami?

Jibu ni mwezi wa angani. Krismasi imefungwa kwenye kalenda ya jua, basi. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi peke yake, na miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Ubishi wa kila mwaka wa lini kuanza kufunga hutokana na swali jingine: je, mwezi uonekane kwa macho, uonekane wapi, au hesabu za falaki zinatosha? Wanazuoni hawajakubaliana, na sioni dalili kwamba watakubaliana karibuni.

Wayahudi nao huhesabu kwa mwezi, lakini huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka yao isitoke kwenye majira ya kuchipua ya kaskazini, kama Torati inavyoagiza. Pasaka ya Wakristo ilirithi jambo hilo: huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, na kwa hiyo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Waorthodoksi hutumia kanuni iyo hiyo juu ya kalenda ya kale ya Juliasi, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13. Ndiyo sababu Pasaka zao mara nyingi huchelewa, ingawa mwaka 2025 wote walisherehekea Aprili 20. Siku hizo 13 ndizo pia zinazofanya Krismasi ya Warusi na Waethiopia iwe Januari 7.

Diwali ya Wahindu huwa usiku wa giza la mwezi, kati ya Oktoba na Novemba. Wabahai walijiondoa kabisa kwenye mwezi: wana miezi 19 ya siku 19, na siku 4 au 5 za kujazia.

Nani alianzisha Uhindu, na kitabu chake ni kipi?

Hakuna mwanzilishi. Haina maana kwamba jina lake limesahaulika. Hapakuwa na mtu mmoja wala siku moja. Ni mkusanyiko wa ibada, falsafa na mila zilizokua katika bara Hindi kwa zaidi ya miaka 3,000. Maandiko yenye heshima ya juu kabisa ni Veda nne, na kongwe kati yake, Rigveda, ina tenzi 1,028 zilizohifadhiwa kwa kukaririwa kichwani karne nyingi kabla ya kuandikwa. Hata hivyo Mhindu wa kawaida huenda hajawahi kuisoma Veda hata moja. Anachokijua tangu utotoni ni visa vya Ramayana na Mahabharata, na ndani ya Mahabharata mna Bhagavad Gita, beti 700 za mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna vita vikikaribia kuanza.

Je, Wahindu wanaabudu miungu mingi na sanamu?

Inategemea unamuuliza Mhindu yupi, na hilo si jibu la kukwepa. Wafuasi wa Vishnu humwona yeye kuwa Mungu mkuu, aliyeshuka duniani kwa maumbo kama Rama na Krishna. Wafuasi wa Shiva husema hivyo hivyo juu ya Shiva, na wengine humwabudu Devi, Mungu kwa sura ya mama. Kwa kila kundi, miungu mingine ni watumishi, au ni nyuso za yule mmoja. Kisha wapo wanafalsafa wa Advaita, wanaomfuata Shankara wa karne ya 8, wanaofundisha kwamba kilichopo kweli ni kimoja tu, Brahman, na kwamba atman, nafsi ya ndani ya kila mtu, si kitu tofauti nacho. Ramanuja na Madhva walikuja baadaye wakalipinga hilo kwa nguvu zote, wakitetea Mungu mwenye nafsi anayependwa na mja wake. Mjadala huu una karne nyingi, na waliokuwa wakijadiliana wote ni Wahindu.

Sanamu, kwao murti, hufanyiwa ibada ya kumkaribisha Mungu ndani yake kabla ya kuabudiwa. Katika sikukuu ya Ganesha, sanamu ya udongo hupambwa, huimbiwa na kulishwa kwa siku kadhaa, kisha hubebwa kwa shangwe na kutoswa majini ikayeyuke. Mtu anayeamini kwamba udongo ule ndio Mungu asingeutosa. Bila shaka Mwislamu, Myahudi au Mprotestanti bado atasema haifai, na ana haki hiyo kwa mujibu wa imani yake. Ila apinge kile ambacho Mhindu anakiamini kweli.

Karma ni adhabu ya Mungu?

Hapana. Ni kanuni kwamba tendo huzaa matokeo, katika maisha haya au yajayo, na kwa dini nyingi zinazoifundisha haihitaji hakimu. Wabuddha hutilia mkazo nia: aliyemkanyaga mdudu bila kujua hayuko sawa na aliyekusudia. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, huielezea kama kitu halisi, chembe laini zinazoinata nafsi na kuitia uzito, na mtu hujitahidi kuzing'oa kwa kujinyima na kutodhuru chochote chenye uhai. Wahindu wengi huona Mungu ndiye anayeyagawa matunda ya matendo. Lengo la wote ni kuutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, ambao huitwa samsara.

Je, Buddha ni mungu wa Wabuddha?

Siddhartha Gautama alikuwa mtu. Alizaliwa Lumbini, iliyoko Nepal ya leo, akalelewa kwa starehe, akaziacha, na chini ya mti huko Bodh Gaya akaamka kutoka katika ujinga unaowafunga wanadamu. Alifundisha kweli nne: maisha yana dukkha, yaani mateso na kutotosheka, chanzo chake ni tamaa ing'ang'aniayo, tamaa hiyo inaweza kukoma, na ipo njia ya kuikomesha, yenye sehemu nane, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili. Hakuna Mungu muumba katika mafundisho hayo. Miungu wamo, lakini nao huzaliwa na kufa kama sisi, na hawawezi kumkomboa mtu.

Katika Theravada, tawi la Ubuddha lililoenea Sri Lanka, Thailand na Myanmar, mambo hukaa karibu na maelezo hayo. Mahayana, tawi la China, Korea, Japani na Vietnam, imejaa mabuddha wengi na mabodhisatva, viumbe walioapa kuwasaidia wengine wote, na mwabudu wa kawaida huwaomba kama Mkatoliki anavyowaomba watakatifu. Kwa hiyo kusema "Wabuddha hawaombi" si kweli.

Yule mnene mwenye kitambi anayecheka si Siddhartha. Ni Budai, mtawa wa China anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 10.

Papa wa Waislamu ni nani? Na wa Wabuddha?

Hawapo. Papa wa Roma ni jambo la Wakatoliki, na hata Wakristo wenzao hawamtii. Masunni hawana kiongozi mmoja wa dunia tangu ukhalifa ulipofutwa na Uturuki mwaka 1924, na hata khalifa hakuwa na mamlaka ya kutunga imani. Mashia wa maimamu 12 huchagua mwanachuoni mkubwa wa kumfuata katika fatwa, na wanazuoni wa namna hiyo huwa kadhaa kwa wakati mmoja. Dalai Lama ni kiongozi mashuhuri wa Ubuddha wa Tibet, na Mbuddha wa Thailand hana wajibu wowote kwake. Wayahudi wana marabi, ambao ni walimu na waamuzi wa sheria. Makuhani waliotoa sadaka walibaki bila kazi hiyo Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70. Wasikh ndio wana jibu la kipekee: kiongozi wao tangu mwaka 1708 ni kitabu, Guru Granth Sahib.

Fatwa, jihadi na sharia maana yake nini?

Fatwa ni jibu la mwanachuoni kwa swali la kidini, na mengi huhusu mambo kama mirathi, zaka au saumu ya mgonjwa. Jihadi ni kujitahidi katika njia ya Mungu. Inahusu kupambana na nafsi na pia vita, ambavyo vitabu vya fikihi vimeviwekea masharti, kama kutowaua wanawake na watoto. Wanaosema haihusu vita kabisa wanakosea sawa na wanaosema ni vita tu. Sharia ni mwongozo wa Mungu kwa mwanadamu, na fikihi ni juhudi za wanazuoni kuuelewa. Kutokana na juhudi hizo Masunni wana madhehebu manne ya sheria: Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali.

Kila dini hufunga?

Karibu zote, lakini si kwa namna moja. Mwislamu hujizuia kula, kunywa na tendo la ndoa kuanzia alfajiri hadi magharibi. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa, na mwenye hedhi hafungi, hulipa baadaye. Myahudi siku ya Yom Kippur hakai na kitu mdomoni, hata maji, kwa saa 25 hivi. Kwaresima ya Wakatoliki ni nyepesi zaidi: siku za kufunga kwa lazima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo mmoja kamili na vitu vidogo. Waorthodoksi wa Ethiopia ndio wanaostaajabisha, kwani siku zao za kuacha nyama, maziwa na mayai huzidi 180 kwa mwaka. Watawa wa Theravada hawali tena baada ya adhuhuri. Wabahai hufunga siku 19 mwezi Machi. Wasikh hawana saumu. Maguru wao, yaani walimu walioiongoza dini hiyo, waliona kwamba kushinda na njaa hakumtakasi mtu.

Halali na kosher ni kitu kimoja?

Vinakaribiana: nguruwe na damu ni haramu pote, na mnyama huchinjwa kooni. Baada ya hapo njia zinaachana. Ngamia ni halali kwa Mwislamu na haramu kwa Myahudi. Divai ni haramu kwa Mwislamu, na kwa Myahudi ndiyo husomewa baraka za kuipokea Sabato. Myahudi hachanganyi nyama na maziwa, na wengi huwa na vyombo mbalimbali kwa kila kimoja. Wajaini huenda mbali kuliko wote, kwani wachamungu wao hawali hata vitunguu na viazi, kwa kuwa kuking'oa kiazi ni kuuua mmea mzima na vijidudu vya ardhini. Na si kila Mbuddha anaacha nyama. Mtawa wa Theravada huruhusiwa kuipokea ikiwa hakuona, hakusikia na hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake.

Kwa nini Wasikh huvaa kilemba na kubeba kisu?

Mwaka 1699 Guru Gobind Singh, guru wa kumi, aliunda Khalsa, jumuiya ya waliobatizwa kwa amrit, maji matamu yaliyobarikiwa. Hao huvaa alama tano: kesh (nywele zisizokatwa), kangha (kitana), kara (bangili ya chuma), kachera (kaptula ya ndani) na kirpan, upanga mfupi wa kukumbusha wajibu wa kumtetea mnyonge. Kilemba huzihifadhi nywele. Si kila Msikh ameingia Khalsa, lakini wengi hufuga nywele hata hivyo.

Naweza kuingia nyumba ya ibada ya dini nyingine?

Mara nyingi ndiyo, ukiuliza kwanza. Msikitini, kwenye hekalu la Kihindu na kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikh, utavua viatu. Gurdwara kila mtu hufunika kichwa, mwanamume kwa mwanamke; katika sinagogi mwanamume hufunika, na kanisani kwa kawaida mwanamume huvua kofia. Ukihudhuria misa ya Wakatoliki usipokee ekaristi kama si mwenzao, baki umekaa tu, hakuna atakayekushangaa. Gurdwara, kinyume chake, ni vizuri uketi ule: langar ni chakula cha bure kwa kila anayefika, wote wakikaa sakafuni, na hupikwa bila nyama ili asiwepo wa kukikataa. Makka ni nje ya maelezo haya, asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia.

Ile alama ya msalaba uliopinda kwenye mahekalu ni ya Wanazi?

Ni swastika, ishara ya heri kwa Wahindu, Wabuddha na Wajaini, kongwe kwa maelfu ya miaka. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920.

Nani huzika na nani huchoma maiti?

Waislamu na Wayahudi wa kiorthodoksi huzika, tena haraka, baada ya kuosha na kuvika sanda nyepesi. Waorthodoksi wa Kikristo huzika. Wakatoliki walizuiwa kuchoma hadi mwaka 1963, na sasa inaruhusiwa ingawa kuzika ndiko kunakopendelewa. Wahindu na Wasikh huchoma, ila Wahindu huwazika watoto wachanga na watawa walioukana ulimwengu. Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, kwa kuogopa kuinajisi ardhi, moto na maji, tangu zamani waliiweka maiti juu ya minara iliwe na ndege.

Mtu huingiaje katika dini nyingine?

Uislamu ni kutamka shahada kwa kuikusudia. Ukristo ni ubatizo, na Makanisa mengi huutanguliza na miezi ya mafundisho. Ubuddha huanza kwa kukimbilia hifadhi tatu: Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa. Kwa Wahindu hakuna mlango mmoja, na mahekalu yanatofautiana. Wayahudi hawatafuti waumini. Marabi kwa desturi humkatisha tamaa anayebisha hodi, na akisisitiza hujifunza kwa muda mrefu, husimama mbele ya mahakama ya marabi watatu na kuzama katika maji ya mikva, yaani bwawa la utakaso, na mwanamume hutahiriwa. Wadruze na Wayazidi ni jumuiya ndogo za kidini za Mashariki ya Kati: Wadruze waliacha kupokea watu wapya mwaka 1043, na Wayazidi hawapokei pia. Huko huzaliwa tu.